Kupima Mtiririko wa Damu ya Mji wa Mimba kwa Doppler kwa Mjamzito Mwenye Priklampsia: Mwongozo Kamili

Mjamzito mwenye priklampsia, ugonjwa wa shinikizo la juu la damu wakati wa ujauzito, anapofika kwenye chumba cha altrasaundi, mara nyingi fomu yake imeandikwa neno moja tu: Doppler, yaani kipimo cha altrasaundi cha mwendo wa damu kwenye mishipa. Ndani ya neno hilo yamo maswali mawili yasiyofanana. La kwanza ni namna damu ya mama inavyofika kwenye kondo la nyuma, na hilo hujibiwa na ateri mbili za mji wa mimba. La pili ni namna mtoto anavyostahimili hali hiyo, na hilo hujibiwa na ateri za kitovu (kamba inayomuunganisha mtoto na kondo) na mishipa ya mtoto mwenyewe. Mpimaji asiyeyatenganisha maswali haya huandika ripoti isiyomsaidia daktari, hata kama namba zake zote ni sahihi. Mwongozo huu unashughulika zaidi na swali la kwanza, kwa kuwa ndilo lenye mitego mingi ya mkono na ya jicho, kisha unaonyesha linapokutana na la pili. Umeandikwa kwa ajili ya mpimaji, mkunga au daktari ambaye tayari anajua kushika probu (kifaa cha mkononi cha altrasaundi) na kutambua viungo vya msingi kwenye skrini.

Kinachopimwa hasa

Kila upande wa mji wa mimba hulishwa na ateri moja kubwa inayotoka kwenye mishipa ya nyonga, ikafika usawa wa mlango wa kizazi, kisha ikageuka na kupanda kando ya ukuta wa mji. Njiani hugawanyika matawi madogo zaidi na zaidi, hadi kuishia kwenye ateri nyembamba zilizojipinda kama parafujo, ambazo ndizo zinazomimina damu kwenye nafasi za kondo. Katika mimba inayokwenda vizuri, seli za kondo ziitwazo trofoblasti huingia kwenye kuta za ateri hizo zilizojipinda, huondoa misuli yake, na kuzigeuza kuwa njia pana zisizoweza kubana. Kazi hiyo huanza mapema na sehemu kubwa yake huwa imekamilika karibu na wiki ya 20. Matokeo yake ni kwamba mji wa mimba uliokuwa ukipokea chini ya mililita 100 za damu kwa dakika kabla ya ujauzito hupokea zaidi ya mililita 500 mimba inapokaribia kukomaa.

Katika priklampsia inayoanza mapema, mageuzi haya huwa yamefanyika nusunusu. Ateri zilizojipinda hubaki nyembamba na zenye misuli, na damu inapofika hapo hukuta ukinzani. Sisi hatuzioni ateri hizo ndogo. Tunachokiona ni mwangwi wa ukinzani wake kwenye ateri kubwa iliyo nyuma yake, kama mtu anayeshika bomba na kuhisi kwa mkono kuwa mbele kuna mahali palipoziba. Kazi ya kutumia Doppler kwa lengo hili ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1983 na Stuart Campbell na wenzake nchini Uingereza, na msingi wake haujabadilika tangu wakati huo.

Jambo moja liwekwe wazi kabla ya kuendelea. Priklampsia inayoanza baada ya wiki ya 34 mara nyingi huonekana kwa mama ambaye ateri zake za mji wa mimba zinapitisha damu vizuri kabisa. Kwa hiyo kipimo kizuri hakiondoi utambuzi wa ugonjwa. Priklampsia hutambuliwa kwa shinikizo la damu la 140/90 au zaidi baada ya wiki ya 20, pamoja na protini kwenye mkojo au dalili za kuathirika kwa figo, ini, chembe sahani za damu, ubongo au mapafu. Hakuna picha ya altrasaundi inayochukua nafasi ya mashine ya presha.

Kabla ya kugusa probu

Mpime mama shinikizo la damu akiwa ameketi, ametulia kwa dakika 5, mkono ukiwa usawa wa moyo. Likiwa 160/110 au zaidi, au mama akilalamika kuumwa sana kichwa, kuona maruweruwe, maumivu ya chembe ya moyo au kushindwa kupumua, altrasaundi isubiri. Mama huyo anahitaji dawa ya kushusha presha, na magnesiamu salfeti ya kuzuia kifafa cha mimba, kabla ya kuhitaji picha. Nimewahi kuona mama akilazwa kwenye kitanda cha vipimo kwa muda mrefu huku presha yake ikiwa haijapimwa tangu asubuhi, na sitaki msomaji wa mwongozo huu awe mtu wa kulifanya hilo.

Mama akiwa tulivu, mwombe akojoe. Kibofu kilichojaa husukuma mji wa mimba, hubana mishipa na kubadilisha kipimo. Usimlaze chali moja kwa moja: inua kichwa na mgongo wake, kisha weka mto mdogo chini ya nyonga ya kulia ili mwili uegemee kidogo kushoto, kwa kuwa uzito wa mimba ukikandamiza mshipa mkubwa wa tumboni, mama huzimia na mtiririko wa damu hupungua. Mwenye maji kwenye mapafu apimwe akiwa karibu na kuketi. Mweleze unachotafuta na kwamba hakuna maumivu, kisha umwache apumzike kwa muda mfupi, kwani mapigo ya moyo yanayokwenda mbio huvuruga mawimbi.

Hakikisha pia umri wa mimba. Namba inayoonyesha ukinzani hushuka kadiri mimba inavyokua, hivyo namba ambayo ni ya kawaida katika wiki ya 12 ni mbaya katika wiki ya 23. Tarehe bora ni ile iliyotokana na altrasaundi ya miezi mitatu ya kwanza.

Kuiandaa mashine

Tumia probu ya tumbo iliyopinda. Punguza kina cha picha hadi ateri ijaze sehemu nzuri ya skrini, na kisanduku cha rangi (eneo ambamo mashine huionyesha kwa rangi damu inayotembea) kiwe kidogo, kwa sababu kisanduku kikubwa huifanya picha iwe nzito. Weka kipimo cha kasi ya rangi katikati: kikiwa chini mno kila kitu kitawaka rangi, kikiwa juu mno ateri itapotea. Kichujio cha ukuta kiwe chini, kisizidi hertzi 60, kwani kikiwa juu hufuta mtiririko dhaifu wa diastoli (wakati moyo unapolegea) na kukufanya uamini kuwa haupo. Lango la kipimo, yaani alama ndogo kwenye skrini inayochagua mahali mtiririko unapopimwa, liwe karibu milimita 2. Pembe kati ya mstari wa Doppler na ateri iwe chini ya nyuzi 30. Mwendo wa skrini uwe wa kuonyesha mawimbi 4 hadi 6 kwa pamoja. Mawimbi yaliyobanana hayapimiki vizuri.

Katika miezi mitatu ya kwanza Doppler ya mapigo, ile inayochora mawimbi, isielekezwe kwenye kijusi bila sababu, na kielezo cha joto kinachoonyeshwa na mashine kisizidi 1. Kwa bahati njema, ateri za mji wa mimba ziko pembeni, na kuzipima hakumgusi mtoto.

Kuitafuta ateri

Hapa ndipo kipimo kinapofanikiwa au kuharibika. Namba yoyote itakayotokea baadaye haitakuwa na thamani kuliko mahali ulipoweka lango.

*Kati ya wiki 11 kamili na wiki 13 na siku 6.* Weka probu katikati ya tumbo, juu ya mfupa wa kinena, kwa kufuata urefu wa mwili, hadi uone mji wa mimba pamoja na mfereji wa mlango wa kizazi hadi tundu lake la ndani. Washa rangi. Bila kunyanyua probu, iinamishe polepole upande mmoja hadi fundo la mishipa ya kando ya mlango wa kizazi litokee likimetameta. Ndani ya fundo hilo utaona mshipa mmoja unaogeuka kuelekea juu. Hiyo ndiyo ateri ya mji wa mimba, na lango liwekwe hapo kwenye usawa wa tundu la ndani, kabla haijagawanyika. Kasi ya juu ya sistoli (wakati moyo unaposukuma damu) iwe zaidi ya sentimita 60 kwa sekunde. Ikiwa chini ya hapo, huenda umeshika tawi dogo. Rudi katikati, kisha rudia upande wa pili.

*Kuanzia wiki ya 19 na kuendelea.* Mji wa mimba umeshapanda, na alama ya njia ni nyingine. Weka probu kwa urefu kwenye sehemu ya chini ya tumbo, upande wa nje karibu na mfupa wa nyonga, ukiielekeza ndani. Washa rangi, na utafute mshipa mkubwa wa nje wa nyonga unaoelekea paja. Sogeza probu taratibu kuelekea katikati hadi uone mshipa mwingine ukipita juu yake, ukitengeneza umbo kama la herufi X. Huo unaopita juu, ukipanda kuelekea mji wa mimba, ndio unaoutaka. Weka lango sentimita 1 kupita pale inapokatana na mshipa wa nyonga. Ikiwa ateri imegawanyika mapema kabla ya makutano, weka lango kabla tu ya mgawanyiko.

Mji wa mimba unapokua huelekea kujizungusha upande wa kulia. Ndiyo maana ateri ya kushoto haikai pembeni kama ya kulia, na mpimaji mgeni huitafuta mbali sana nje na kuikosa. Ukiikosa, rudi kuelekea katikati kidogo kabla ya kusema haionekani.

Kuna njia ya tatu, ya kupitia ukeni, inayofaa picha ya tumbo ikiwa hafifu kwa sababu ya unene au kovu. Probu huwekwa pembeni ya mlango wa kizazi na ateri hupimwa kwenye usawa wa tundu la ndani. Andika kwenye ripoti kuwa umetumia njia hiyo, kwa sababu viwango vyake ni vya juu kidogo kuliko vya tumboni, na kuvichanganya ni kosa.

Makosa mawili hurudiwa mara nyingi kuliko mengine. La kwanza ni kuupima mshipa wa nyonga badala ya ateri ya mji wa mimba. Mawimbi yake yatakutahadharisha: hupanda kwa ncha kali, kisha huanguka na kurudi chini ya mstari wa msingi mwanzoni mwa diastoli, kwa kuwa damu inayokwenda mguuni hukutana na ukinzani mkubwa. La pili ni hatari zaidi kwa sababu halitoi ishara: kushika tawi lililoko ndani ya ukuta wa mji. Tawi hilo huwa na ukinzani mdogo, mawimbi yake ni laini na ya kupendeza, na mama mwenye ugonjwa mkali huandikiwa kuwa yuko salama.

Shika pia mkono wa mama na uhesabu mapigo yake. Mawimbi ya ateri ya mji wa mimba yanaenda sambamba na mapigo hayo. Yakipiga mara 110 hadi 160 kwa dakika huku mkono wa mama ukipiga 80, umeshika mshipa wa mtoto au wa kitovu.

Kuyasoma mawimbi

Subiri mawimbi yasiyopungua matatu yanayofanana mfululizo, kisha simamisha picha. Wimbi zuri hupanda haraka wakati wa sistoli na kushuka kwa mteremko mrefu, huku diastoli ikiwa imejaa na kubaki juu ya mstari hadi pigo linalofuata. Wimbi la ukinzani huwa na kilele chembamba na diastoli iliyozama. Mara nyingine huonekana kibonde mwanzoni mwa diastoli, mstari ukizama kwa ghafla kisha ukainuka tena kabla ya kuteremka. Kibonde ni cha kawaida mwanzoni mwa ujauzito na hakipaswi kumtisha mtu katika wiki ya 12. Kikiendelea kuwepo pande zote mbili baada ya wiki ya 24, kina uzito. Hata hivyo kukitambua hutegemea jicho la mtu, na wapimaji wawili hutofautiana mbele ya picha ileile, kwa hiyo kitajwe lakini kisiwe msingi wa uamuzi.

Msingi uwe kielezo cha mapigo, ambacho mashine hukiandika PI. Hupatikana kwa kutoa kasi ya mwisho wa diastoli kwenye kasi ya juu ya sistoli, kisha kugawanya kwa kasi ya wastani ya wimbi zima. Tuseme sistoli ni sentimita 80 kwa sekunde, mwisho wa diastoli ni 30, na wastani ni 50: PI ni 1.0. Kielezo cha ukinzani, RI, hugawanya kwa sistoli badala ya wastani, na kwa namba hizohizo huwa takriban 0.63. Ninapendelea PI kwa sababu huzingatia umbo lote la wimbi, na bado huwa na maana pale diastoli inapofika sifuri. Mashine ikichora mstari wa wimbi yenyewe, angalia kama umefuata ukingo wa kweli; ukifuata vivuli vya kelele, uchore kwa mkono.

Pima kulia, pima kushoto, kisha tafuta wastani. Upande lilikokaa kondo kwa kawaida huwa na ukinzani mdogo, kwa hiyo kuripoti upande mmoja tu ni kuchagua jibu. Chukua mama wa wiki ya 23 ambaye kulia ana 1.20 na kushoto 1.96. Wastani wake ni 1.58. Kwa kipimo cha tumboni, persentaili ya 95 katika wiki hiyo ni 1.44, maana yake wajawazito 95 kati ya 100 wako chini ya hapo, hivyo ukinzani wa mama huyu umepanda. Mtu aliyepima kulia peke yake angemrudisha nyumbani. Kwa wiki 11 hadi 13 mpaka huo ni takriban 2.35 kwa kupitia tumboni. Katika wiki nyingine tumia chati ya umri wa mimba husika, usikariri namba moja kwa wote.

Namba ikikushangaza, weka kiganja tumboni kabla ya kuiamini. Mji wa mimba ukikaza, misuli hubana mishipa, diastoli huzama na PI hupanda. Ukilegea, wimbi hurudi kama lilivyokuwa mbele ya macho yako. Subiri mkazo uishe na upime upya. Uzito wa mama na asili yake pia huathiri PI kwa kiasi, na wanawake wenye asili ya Afrika huwa na viwango vya juu kidogo. Ndiyo sababu mifumo ya kukokotoa hatari hurekebisha namba kabla ya kutoa jibu.

Namba ina maana gani kwa wakati gani

Kabla ya ugonjwa kutokea, katika wiki ya 11 hadi 13, PI huunganishwa na historia ya mama, wastani wa shinikizo lake la damu na, panapowezekana, protini ya kondo iitwayo PlGF. Muungano huo hubaini takriban robo tatu ya wale watakaopata priklampsia kabla ya wiki ya 37, na hapa ndipo kipimo hiki kinapookoa zaidi, kwa sababu kuna la kufanya. Utafiti wa ASPRE, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kuwa aspirini ya miligramu 150 kila usiku, kuanzia wiki ya 11 hadi 14 na kuendelea hadi wiki ya 36, hupunguza priklampsia ya kabla ya wiki ya 37 kwa asilimia 62 kwa wanawake walio katika hatari kubwa. Baada ya wiki ya 20, kugundua ukinzani hakuleti faida hiyo. Humweka tu mama kwenye orodha ya wanaofuatiliwa kwa karibu.

Ugonjwa ukishatambuliwa, maana ya kipimo hubadilika. PI iliyopanda inasema kwamba kondo lenyewe limeathirika, kwamba mtoto yuko katika hatari ya kudumaa, na kwamba hali inaweza kubadilika mapema. Kwa mama ambaye mtoto aliye tumboni ni mdogo, PI juu ya persentaili ya 95 husaidia kutofautisha mtoto anayenyimwa chakula na mtoto ambaye ni mdogo kwa maumbile yake. Lakini PI haiamui siku ya kuzalisha. Wala hakuna haja ya kuirudia kila wiki, kwa kuwa kilichoharibika kwenye ateri zile zilizojipinda hakirekebishiki, na kurudia hakumwongezei daktari kitu.

Kinachorudiwa ni upande wa mtoto. Kadiria uzito wake, na usikadirie tena kabla ya wiki 2 kupita kwa kuwa tofauti itakuwa ya makosa ya kupima. Angalia kiasi cha maji ya uzazi. Pima ateri ya kitovu kwenye sehemu ya kitovu inayoelea huru, mtoto akiwa hatembei wala hafanyi mwendo wa kupumua. PI yake ikipanda, ongeza ufuatiliaji na upime ateri ya kati ya ubongo, ambayo ukinzani wake hushuka mtoto anapoanza kuulinda ubongo wake. Mtiririko wa mwisho wa diastoli ukipotea kwenye kitovu, mpigie daktari simu mama akiwa bado kitandani. Hali hiyo huelekeza kuzalisha kati ya wiki ya 32 na 34. Mtiririko huo ukirudi nyuma, ni kati ya wiki ya 30 na 32, au mapema zaidi hali ya mama au ya mtoto ikilazimisha. Mama huyo apewe sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, na awe mahali penye huduma ya watoto njiti.

Na hali ya mama hutangulia yote haya. Presha isiyoshuka kwa dawa, degedege, chembe sahani zinazoporomoka au maji kwenye mapafu huamua kuzalisha hata kama kila Doppler ni nzuri. Bila dalili za ukali, mimba yenye priklampsia huzalishwa ikifika wiki ya 37; zikiwepo dalili za ukali, wiki ya 34.

Kuandika ripoti

Andika umri wa mimba na ulivyopatikana, shinikizo la damu la siku hiyo, njia uliyotumia, PI ya kulia, ya kushoto na wastani wake, nafasi yake kwenye chati, kibonde kama kipo na upande wake, na mahali kondo lilipokaa. Hifadhi picha moja ya kila upande inayoonyesha lango likiwa juu ya ateri, ili mwingine aweze kuthibitisha ulipima wapi. Kisha andika sehemu ya mtoto kando, na umalizie kwa sentensi inayomaanisha kitu kwa anayeisoma usiku wa manane, kwa mfano: "Ukinzani wa ateri za mji wa mimba umepanda, mtoto yuko chini ya persentaili ya 10, ateri ya kitovu bado ina mtiririko wa diastoli, kitovu kipimwe tena ndani ya siku 7, au mapema hali ya mama ikibadilika." Ukishindwa kuipata ateri ya upande mmoja, andika hivyo, na umwite tena mama siku nyingine badala ya kujaza nafasi kwa namba ya upande wa pili.